Bahari Haisomi Barua: Mwaka Wangu na Kikosi cha Vijana wa Mikoko

Jumanne ya kwanza vijana 24 waliotumwa na ofisi kuja kututunzia mikoko walishuka kutoka kwenye lori, fulana za kijani zimepigwa pasi, gambuti mpya zinang'aa, kiongozi wao amekumbatia faili kifuani. Saa mbili kamili asubuhi. Mimi niliyefundisha darasa la tatu kwa zaidi ya miaka thelathini nampenda mtu anayewahi. Nikasema moyoni, leo nimepata watu.

Kisha nikageuka kutazama hori letu, ule mkono wa bahari unaoingia mikokoni. Maji yalikuwa yanapanda.

Mwezi ulikuwa na siku saba, yaani maji mafu. Kwa asiyeijua bahari ya huku kwetu, kusini mwa Mombasa: wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi, ya alfajiri na ya alasiri, na hupwa kwenye saa nne. Kila siku huchelewa kama dakika hamsini, kwa hiyo wiki ikipita mambo yamepinduka. Saa nne ile ile uliyokuwa ukikanyaga tope, sasa unaogelea. Na maji mafu hata yakipwa hayapwi sawasawa, sehemu ya chini ya mikoko haitoki majini. Mtoto wa mvuvi wa miaka minane anayajua haya. Ofisi iliyoandika "kila Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa sita" haikuwa na mtoto wa mvuvi.

"Mwalimu, shikamoo."

"Marahaba."

"Haya maji yatatoka saa ngapi?"

"Jioni, baba."

"Lakini barua inasema tumalize saa sita."

"Basi nenda kaisomee bahari hiyo barua."

Walikaa chini ya mkwaju, wakala mihogo yangu ya nazi, wakapiga picha, wakarudi mjini. Posho ya siku walilipwa. Mihogo sikulipwa mpaka leo.

Nirudi nyuma kidogo, maana watu hudhani tulianza na vijana. Babu yangu alikuwa mkata mikoko. Boriti zake, mazio, pau na fito zilipakiwa majahazini kwenda Arabuni, kabla biashara ya kupeleka nje haijapigwa marufuku mwaka 1982. Kwa hiyo sisi si malaika. Ila kilichotumaliza hasa si shoka. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo kutoka bara ukafukia mizizi, na mkoko hupumua kwa mizizi, ukiifukia umeunyonga. Juu ya hapo kikajengwa kinjia cha malori ya kokoto, tuta tupu lililokatiza mkono mmoja wa hori bila daraja wala bomba. Upande wa ndani maji yakawa hayaingii wala hayatoki. Tope likapasuka kama kisigino cha mzee, chumvi ikatanda juu.

Wakaja wapandaji. Kila aliyekuja alikuwa na bango, kofia na mbegu za mkoko, zile ndefu kama fimbo, na kila mmoja alizichomeka pale penye nafasi. Lakini bahari ikiacha mahali wazi ina sababu zake. Upande wa bahari kuu, pale panapopigwa na mawimbi, ni mahali pa mlilana, mti mwingine wa jamii ya mikoko, mkoko wenyewe hausimami. Ndani ya tuta hapakuwa mahali pa kitu chochote. Nimehudhuria upandaji wa aina hiyo mara nne, nimekula biskuti nne, na mche uliobaki sijauona.

Kilichotusaidia ni kuacha kupanda. Akina mama kumi na saba na wazee wachache tulipigania mabomba matatu yakawekwa chini ya lile tuta, tukachimba mifereji kwa majembe. Msimu wa pili mchu, nao wa jamii hiyo hiyo ya mikoko, ukaota wenyewe, bila sisi kupanda hata mmoja. Nilikuwa nimekwenda Gazi kuona wenzetu, ambako upandaji ulianza mwaka 1991 na ambako vijiji vya Gazi na Makongeni vinauza hewa ya ukaa, yaani vinalipwa kwa hewa chafu inayofyonzwa na mikoko yao, kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, kwa hekta 117 tu. Nilirudi na wivu, na wivu ni mbolea nzuri.

Sasa hapo ndipo watu wanapokosea. Mikoko ikishafufuka, wageni hupiga makofi na kuondoka, na kazi ndiyo kwanza inaanza. Kila masika mifereji inajaa mchanga. Nyavu kuukuu na mifuko ya plastiki vinajifunga kwenye miche na kuilaza kifudifudi. Vidudu vyenye ganda vinang'ang'ania mashina mpaka mche unaelemewa. Mbuzi nao, maji yakipwa, wanaingia kula majani ya mchu kama wamealikwa. Na sisi magoti yetu yameanza kulia. Kila mtu akatuambia: tafuteni vijana. Kwa hilo walisema kweli. Kila kitu kingine walichotushauri kilikuwa uongo.

Habari za karatasi sitazisimulia. Mikoko ni msitu wa serikali, kuna sheria ya misitu ya mwaka 2016, kuna chama cha jamii cha msitu, kuna makubaliano ya kutia saini. Ukiwa na chama tayari utahangaika kidogo, usipokuwa nacho utahangaika sana.

Ratiba niliitengeneza kwa kalenda ya msikitini. Nikapiga rangi nyekundu mwezi mosi hadi mwezi nne, halafu mwezi 15 hadi mwezi 18, siku nane kila mwezi, maji yakiwa chini kati ya saa nne asubuhi na saa saba mchana. Ofisi ikasema haiwezekani, watu hulipwa kwa siku za wiki. Sikubishana. Niliwatumia ile picha vijana waliyoipiga wenyewe, wote 24 wamenyoosha miguu chini ya mkwaju, mihogo mkononi, maji nyuma yao. Siku ya pili nikapigiwa simu: "Mwalimu, tutumie hiyo kalenda."

Bamvua likafika, maji yakatoka, vijana wakaingia na gambuti zao. Dakika tano. Tope la mikoko halipigani na mguu, linaubembeleza, kisha linaukumbatia. Msichana mmoja alinyanyua mguu ukatoka mtupu, gambuti imebaki chini. Aliyekwenda kumsaidia naye akanasa. Kufikia adhuhuri tulikuwa tumezika jozi kumi na moja, nyingine ziko huko hadi leo, pengine kaa wamehamia. Mama mmoja wa kikundi chetu akawaonyesha alichovaa: raba kuukuu za kufunga kamba, na soksi nene juu yake zimevutwa hadi magotini. Soksi juu ya kiatu, sikukosea kuandika. Tope halipati pa kushika. Soksi za mtumba nilinunua fungu zima pale sokoni, shilingi mia sita au mia saba, sikumbuki, na hiyo ndiyo pesa iliyotumika vizuri kuliko zote mwaka ule.

Mashauri mengine yalikuwa ya malipo. Bwana mmoja mwenye tai alinihakikishia: walipe nyongeza kwa kila mche, utaona kazi. Nikamsikiliza. Kulikuwa na mapengo ya kujaziliza sehemu mkoko unapostahili kuwa, basi nikatangaza shilingi mbili kwa mche. Loo! Siku mbili walichomeka zaidi ya elfu tatu. Mingine ilikuwa imepishana kwa upana wa kidole, mingine imesimamishwa kichwa chini, kichipukizi kinatazama kuzimu. Iliyosalia kaa waliila usiku, maana zilikuwa mbegu mbichi zilizotoka mtini jana yake. (Mbegu zilaze kivulini kama wiki moja kwanza, kaa huzipenda kidogo. Nilikuwa nalijua hilo. Pupa ndiyo iliyonisahaulisha.) Nikalipa. Ahadi ni deni, na deni lile lilikuwa kama elfu sita na zaidi.

Nikageuza mbinu. Eneo la kujaziliza nikaligawa vipande sita, kila kipande vijana wanne na miche 200 hasa, niliyoihesabu mimi mwenyewe. Wakavipa majina ya timu za mpira: Arsenal, Liverpool, Chelsea na wenzao. Masharti: baada ya miezi mitatu, siku ya bamvua, nahesabu miche iliyo hai. Watakaoshinda wanakula pilau ya mbuzi kwangu na kila mmoja anapata jezi.

Usidhani nilikwenda kulala. Usiku kabla ya kugawa vipande nilichukua leso zangu sita kuukuu, nikazichana vipande vyembamba. Kila kipande cha ardhi nikakipa leso yake, na miche ishirini ya kila timu nikaifunga utepe wa leso hiyo shinani, kwa kulegeza ili usiikabe, kisha nikaufukia kwa tope. Mama mmoja tu ndiye aliyejua. Mume wangu aliniuliza leso zimekwenda wapi, nikamwambia zimeliwa na mende.

Miezi mitatu ikapita. Walifanya kazi, sitawanyima haki yao: waliondoa nyavu, walikwangua mashina, walifukuza mbuzi hadi wenye mbuzi wakaja kunishtaki. Siku ya kuhesabu kijiji kizima kikaja. Arsenal 131. Chelsea 148. Nikafika Liverpool: 211.

Miche 200 imepandwa, 211 iko hai. Nimesahihisha madaftari maisha yangu yote. Mtoto anayepata kumi na moja juu ya kumi namjua.

Sikusema kitu. Nilipiga magoti kwenye tope, nikaanza kupapasa mashina mmoja mmoja, wale vijana wanne wamenyamaza kama wamemwagiwa maji. Leso ya Liverpool ilikuwa ya buluu. Nikavuta utepe mwekundu. Nikavuta wa pili, mwekundu. Ilitoka tisa, yote ya leso ya Arsenal. Mmoja ulikuwa umechanika penye maandishi. Nikampa kiongozi wa Liverpool, nikamwambia, "Baba, somea watu."

Akasoma kwa sauti ya chini: "Nyota ya mwe..."

Na akina mama wote nyuma yangu wakaitikia kwa pamoja: "Usisafirie nyota ya mwenzio!" Vigelegele vilisikika ng'ambo ya hori.

Adhabu ilikuwa kupika ile pilau, kuchukua kuni, kuosha masufuria, na kula wa mwisho. Chelsea wakavaa jezi. Yule kijana wa Liverpool, kusema kweli, alipika pilau nzuri kuliko yangu, na nimemsamehe kwa sababu hiyo peke yake. Miche iliyoibwa tuliirudisha lakini mingi ilikufa. Mkoko ukishashika mizizi haupendi kuhamishwa.

Usiku ule nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Yule bwana mwenye tai alihesabu miche, nami nimehesabu miche, tofauti yetu ni pilau. Vijana walinipa nilichokihesabu. Na nilichokihitaji hasa wala hakikuwa miche, kilikuwa maji. Mifereji ikiwa wazi mchu unajileta wenyewe, nilishaliona hilo kwa macho yangu, halafu nikalisahau kwa kushangilia nambari.

Basi nikazua mashindano ya vifuu. Maji yakianza kutoka, kila timu inaweka kifuu cha nazi kwenye kichwa cha mfereji wake, juu kabisa karibu na tuta. Kifuu kikielea hadi horini bila kuguswa na mkono, mfereji ni safi. Kikikwama, pale kilipokwama ndipo pa kuchimba, huhitaji mtaalamu kukuonyesha. Gharama ni vifuu, na kwa mtu wa Pwani kifuu si gharama. Watoto wa kijiji wakawa wanakuja kuweka dau la maembe. Mchezo huu haukuibika: kifuu ama kimefika, ama hakikufika. Kijana mmoja alijaribu kukisukuma kwa kijiti akiwa amejificha nyuma ya mti wa mkandaa, watoto wakamzomea hadi akatoka.

Masika iliyofuata mifereji ilijaa kama kawaida, na mara hii ilifunguliwa kwa bamvua mbili. Zamani, sisi akina mama peke yetu, tungeitumia miezi.

Mkataba wa kikosi ulikuwa wa miezi kadhaa tu, ukaisha. Hilo nalo hakuna anayekuambia mwanzoni: unawafundisha watu mwezi na maji, wanapokwisha kuelewa lori linakuja kuwachukua. Nilipiga kelele ofisini, nikaahidiwa kikosi kingine. Wanne walibaki kwa hiari yao, wawili wameoa hapa hapa, mmoja amejiunga na chama chetu cha msitu na sasa ndiye anayenisahihisha kwenye vikao. Mpishi wa Liverpool yuko mjini, ana kibanda cha chakula.

Wiki iliyopita barua ya kikosi kipya imefika. Nimeisoma mara mbili: kila Jumanne na Alhamisi, saa mbili hadi saa sita. Nikampigia yule kiongozi wa zamani, aliyekuwa na faili, nikamsomea.

"Mwalimu," akaniuliza, "na gambuti wanazo?"

"Wanazo. Mara hii za njano."

Alicheka mpaka simu ikakatika. Nimeshanunua mihogo.