Milango ya Mama Kabla ya Idd

Ramadhani ya 2016 iliangukia Juni, na kwa mtu wa Tanga mwenye kazi ya rangi, hiyo ni neema. Masika yameshakatika, kusi inavuma, joto limepungua. Mama alitaka kiukumbi cha kuingilia kipendeze kabla ya wageni wa Idd: mlango wa mbele, mlango wa sebuleni, fremu zake na skatingi, yaani ubao wa chini ya ukuta. Kuta alisema ziachwe, bado zilikuwa na hali.

Kiukumbi chenyewe ni mita moja na nusu kwa mbili, hakina dirisha. Jambo hilo ndilo lililoamua rangi. Mama alishikilia nyeupe. Fundi, mzee wa mtaani aliyekuwa akipiga rangi tangu sijazaliwa, akamwambia, "Mama, nyeupe ya mafuta ikikosa mwanga inageuka meno ya mvuta sigara." Ni kweli kabisa: rangi ya mafuta iliyo nyeupe huwa ya njano mahali penye giza, na nyuma ya mlango ndiyo kwanza. Tukachukua krimu, ambayo hata ikigeuka kidogo hakuna atakayejua.

Hesabu fundi aliifanyia mlangoni, kabla ya kwenda dukani. Mlango mmoja, pande mbili na kingo zake, ni kama mita 4 za mraba. Milango miwili, fremu na skatingi zikawa kama 11. Rangi ya mafuta kwenye mbao laini hufunika takriban mita 12 za mraba kwa lita, na inapigwa mikono miwili, yaani tabaka mbili, kwa hiyo lita 2 zinatosha. Andakoti, rangi ya kutangulia chini, lita 1. Muuzaji aling'ang'ania tubebe galoni ya lita 4 kwa sababu bei ya kila lita inashuka, lakini rangi ya kukaa stoo haina unafuu wowote. Makopo mawili ya krimu tuliyamimina kwenye ndoo moja na kuyakoroga pamoja, maana makopo mawili ya rangi moja yanaweza kutofautiana, na tofauti huonekana katikati ya mlango.

Mlango wa mbele ulikuwa unagoma kila mvua zikianza, na miaka yote lawama ilikuwa kwa bawaba. Fundi aliung'oa, akaulaza juu ya mabenchi mawili, akaniita. "Njoo uone, mwanangu." Ukingo wa chini ulikuwa mbao tupu, mweusi kwa ukungu, haujawahi kuguswa na brashi. Maji ya kudeki na ya mvua hupanda kupitia hapo, ubao unavimba, na rangi ya juu inaanza kubanduka kutokea chini. Upande wa kitasa nako rangi za zamani zilikuwa zimejazana hadi zimekula nafasi yote ya mlango. Alipitisha randa upande huo mpaka pakabaki pengo la kama milimita 3 kati ya mlango na fremu, kwa sababu rangi mpya nayo ina unene wake. Ukingo wa chini na wa juu akaupaka andakoti iliyolegezwa kwa tapentaini ili izame, kisha rangi yenyewe. Mlango wa mbele hauwezi kulala nje, wezi wapo. Ulirudishwa jioni ile ile na kitasa chake, na pande zake zikapigwa ukiwa umesimama.

Maandalizi ndiyo yaliyokula muda. Milango ilioshwa kwa maji ya sabuni na kusuuzwa mara mbili, kwa ajili ya mafuta ya mikono kuzunguka kitasa na chumvi ya bahari upande wa nje. Ukianza na msasa kabla ya kuosha, mafuta yale unayasukumia ndani ya mbao. Msasa ulikuwa namba 120, kisha 180, na wa kulowesha maji, kwa kuwa rangi za zamani za mafuta huenda zina madini ya risasi na vumbi lake si la kuvuta, hasa nyumba yenye watoto. Hakutafuta mbao tupu. Alitaka mng'ao wa zamani ufe tu, rangi mpya ipate pa kushika. Matundu ya misumari yakazibwa kwa puti. Ufa kati ya fremu na ukuta aliuziba kwa akriliki ya tyubu, kwani silikoni ya kawaida haikubali rangi. Mlango wa sebuleni ni wa paini na macho yake, yale mafundo ya matawi, yalikuwa yakitoa utomvu, kwa hiyo kila jicho lilipata mikono miwili myembamba ya sheleki, vanishi ya kuzuia utomvu, kabla ya andakoti. Bila hivyo duara la kahawia lingerudi.

Kwenye kupiga rangi yenyewe alikuwa na mpango usiobadilika: kwanza mifereji inayozunguka paneli, halafu paneli, kisha mbao za kulala, mwisho mbao za kusimama, na brashi ikimalizia kufuata uzi wa mbao. Brashi ya inchi 2, na ya inchi 1 kwa mifereji. Kila baada ya dakika chache alirudi kukagua pembe za paneli, maana ndiko michirizi inakojificha. Tina, kile kiyeyusho kikali cha kulegezea rangi, hakuiruhusu imkaribie. Mafundi wengi huitia kopo zima liende mbali, lakini inaweza kuikunja rangi iliyo chini, na mng'ao unapotea.

Alianza kila siku baada ya alfajiri na kuacha kabla ya adhuhuri. Harufu ya tapentaini kwa aliyefunga ni mtihani. Mkono wa pili ulisubiri hadi kesho yake, baada ya msasa mwepesi wa 240. Matambara aliyatandaza uani moja moja. Yakikunjwa pamoja na mafuta ya rangi yanaweza kujiwasha moto yenyewe.

Rangi hukauka kwa kugusa ndani ya saa chache, ila kukomaa ni wiki kadhaa, na wageni wa Idd hawasubiri. Fremu ikikutana na mlango hunatana, ukivuta kwa nguvu inabanduka vipande. Fundi alipaka poda ya mtoto kidogo pale vinapogusana, na Mama akaamriwa milango ibaki wazi mchana kutwa. Rangi iliyobaki, isiyofika robo lita, tuliimimina kwenye kichupa cha kioo hadi mdomoni ili hewa isipate nafasi, tukaandika namba ya rangi na mwaka kwenye kifuniko.