Mapovu ya hewa na gari la Baba

Gari lilikohoa mara mbili, likavuta kidogo kama linalojikaza, halafu likanyamaza. Tulikuwa tumeshaipita Salgaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Kisumu hapa Kenya, na tunaukwea mlima wa Sachangwan, Mama kando yangu, nyuma yetu magunia mawili ya viazi vya kupeleka nyumbani. Usukani ukawa mzito papo hapo. Nilikanyaga breki, ikashika. Nilikanyaga tena, ikawa ngumu, nikajua ya tatu itakuwa kama kukanyaga jiwe, kwa sababu breki za gari lile husaidiwa na pampu ya kufyonza upepo inayozungushwa na injini, na injini ilikuwa imelala. Gari likaanza kurudi nyuma. Nikavuta breki ya mkono mpaka mwisho, nikasukuma gia hadi P, nikawasha taa za hatari. Lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi ndefu, likatukwepa.

Anayeijua barabara hiyo anajua kwa nini mikono yangu ilitetemeka. Hapo Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka na kuua zaidi ya watu 100. Sisi wa Nakuru hatupapiti hapo bila kunyamaza kidogo. Siku ile ya Agosti 2018 nilipaza sauti tu: "Mama, shuka. Simama kule kwenye majani, mbali na lami."

Nilikata matawi nikayatandaza nyuma ya gari, nikaweka na pembetatu. Vijana watatu waliokuwa wakipita walikuja mbio kutaka kusukuma. Niliwashukuru, nikawaeleza kwamba gari la otomatiki, linalobadili gia lenyewe, halisukumwi likawaka. Giaboksi yake hushikana kwa shinikizo la oili, na pampu ya oili hiyo huzungushwa na injini yenyewe. Injini ikizima, magurudumu na injini hawajuani tena. Ndiyo maana nilikuwa nakwea milima na woga moyoni tangu Mei.

Gari lenyewe ni Prado ya 1996, dizeli ya lita 3, injini ile ambayo mafundi wetu huitaja kwa herufi zake kama jina la jamaa: 1KZ. Baba aliinunua 2003 na akaiendesha hadi mwaka aliofariki. Kaka zangu walitaka iuzwe. Mimi nilikataa, na sitaomba radhi kwa hilo. Kiti cha dereva kimebonyea upande mmoja, mahali alipozoea kuegemea, na mimi hukaa hapo hapo.

Kuzimazima kulikuwa kumeniandama miezi mitatu. Lilizima nikipanda kuelekea Menengai. Lilizima nikitoka Njoro. Wiki nzima nyingine lilikwenda vizuri hadi nikaanza kuamini limejiponya. Nakuru nililipeleka kwa mafundi watatu. Wa kwanza alibadilisha filta ya dizeli, wa pili betri na rilei, ile swichi ndogo ya umeme, wa tatu akaniambia pampu ya dizeli imekufa, nitafute nyingine, na bei aliyoitaja ilipita mshahara wangu wa mwezi. Hawakuwa watu wabaya. Lakini kila mmoja aliliwasha gari likiwa limesimama uani, likanguruma vizuri, basi akabadilisha kile alichokizoea. Hakuna aliyeniuliza linazimaje.

Pale Sachangwan tulisaidiwa na dereva wa lori aliyeegesha mbele yetu. Hakusema mengi. "Fungua boneti, dada." Alishika kichwa cha filta, akakuta kile kitufe cha kubonyeza, ndiyo pampu ya mkono, akakibonyeza. Kilikuwa laini, kinazama bila ukinzani. Alibonyeza labda mara thelathini, na kadiri alivyobonyeza ndivyo kilivyozidi kukaza, hadi kidole gumba chake kikawa cheupe. "Sasa piga stata." Nilipiga kwa muda mrefu, likakohoa moshi mweupe, likawaka.

"Hii ni hewa," alisema akijifuta mikono. "Si umeme. Tanki liko wapi?"

Nilimwonyesha mshale: chini ya nusu.

"Jaza ukifika Mau Summit. Litakufikisha."

Mama alirudi garini, lakini alikaa nyuma. "Mwanangu, hili gari uliuze kabla halijatuzika," alisema, kisha hakunena tena mpaka Kericho. Nilijaza tanki Mau Summit. Lilituvusha Londiani, likateremka kwenye majani chai, likafika Ahero na mwishowe Kisumu bila kukohoa hata mara moja. Jambo hilo lilinikaa kichwani kuliko hata hofu. Kwa nini tanki likijaa gari linapona?

Kesho yake shemeji yangu alinipeleka kwa fundi mmoja wa Kibuye, hapo hapo Kisumu, mzee mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kabla hajagusa chochote alivuta kiti cha plastiki akaniambia, "Mwalimu, kaa. Nielezee. Likitaka kuzima, linakuaga ama linaondoka tu?"

Nilitoa daftari. Mimi ni mwalimu, siwezi kuacha kuandika, na tangu Juni nilikuwa nimeandika kila mara lilipozima: siku, mahali, mwendo, kupanda au kuteremka, mshale wa mafuta. Zilikuwa mara tisa. Alilisoma lote akifuata mistari kwa kidole chenye oili, na alama ya kidole hicho bado iko kwenye ukurasa ule. Kisha akaanza kufikiri kwa sauti, na hayo aliyoyasema nimeyashika hadi leo.

Gari la otomatiki likizima pale tu linaposimama, kwenye matuta au kwenye taa, yeye huanza na giaboksi; ndani ya konveta, inayounganisha injini na giaboksi, kuna klachi ambayo ikikataa kuachia, huikaba injini gari linapotua. Daftari langu halikuwa na kuzima kwa namna hiyo hata kumoja. Likiondoka ghafla, kama mtu amezungusha ufunguo, hutafuta umeme: waya uliolegea, rilei, ile solenoidi inayokata mafuta kwenye pampu. "Lakini lako linakohoa kwanza. Linadhoofika, linatafuta nguvu, halafu ndipo linakufa. Hilo lina njaa." Aliweka kidole kwenye safu ya mafuta. Mara zote tisa mshale ulikuwa chini ya nusu, na mara nane nilikuwa nakwea. Mimi niliyeyaandika sikuwa nimeyaona.

Hata hivyo hakuuruka umeme. Alichukua kipande kidogo cha waya, akaunganisha matundu mawili kwenye kile kiboksi cheusi kilicho chini ya boneti, akaniambia niwashe swichi bila kupiga stata. Taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kupepesa, haraka, sawasawa, bila kupumzika. Magari ya umri ule hueleza ugonjwa wake kwa kuhesabu mipepeso. Ikipepesa mfululizo namna ile, kompyuta haina kosa ililoliweka.

Halafu akafanya jambo ambalo ningelipa nauli ya Nakuru hadi Kisumu kulitazama tena. Aliuchomoa mpira mweusi unaotoka kwenye filta kuingia kwenye pampu, akaweka mahali pake mpira mweupe unaoonyesha ndani, mrefu kama mkono wangu. Tukatoa hewa, likawaka. "Inama uangalie," akasema. Dizeli ilipita ikiwa na rangi ya asali changa. Kisha nikaona povu moja, dogo kama punje ya mtama, likipanda polepole. Likafuatwa na jingine. Alipoongeza mafuta kidogo, injini ikapanda sauti, mapovu yakaja kwa msururu, kama ya samaki aliye chini ya maji.

"Kwenye gari hili hakuna pampu ndani ya tanki," alieleza. "Hii ya mbele ndiyo inayonyonya mafuta kutoka kule nyuma, kama mtoto na mrija. Mrija ukitoboka, soda haimwagiki. Mtoto ananyonya upepo." Ndiyo maana hapakuwa na tone lolote uani kwangu, wala harufu, wala alama. Tanki likijaa, safari ya kunyonya ni fupi na upepo unaoingia ni kidogo. Likipungua, tena pua ya gari ikiwa juu, pampu inavuta kwa nguvu zaidi na ufa unafunguka.

Aliweka kibuyu cha dizeli cha lita tano karibu na betri, akaunganisha pampu moja kwa moja na kibuyu hicho. Mapovu yakakoma. Kwa hiyo pampu ile niliyoambiwa imekufa ilikuwa nzima. Nilihisi machozi, na sikuyaficha. Akarudisha filta njiani. Mpira ukabaki safi. Basi tatizo liko nyuma zaidi. Alilala chini ya gari, akafuata bomba la chuma kwa vidole, kiungo baada ya kiungo, hadi mahali linapopita juu ya chesisi karibu na gurudumu la nyuma, ambapo tope la barabara hulala na kukauka. Hapo kuna kipande kifupi cha mpira kinachounganisha mabomba mawili. Juu kilionekana kizima. Alipokichomoa na kukikunja kwenye mwanga, upande wa chini, palepale klipu inapobana, palikuwa na nyufa nyembamba kama za kisigino cha mtu atembeaye pekupeku. Mpira wa miaka 22. Hapana wa kulaumiwa hapo, umechoka tu.

Aliweka mpira mpya wa dizeli na klipu za skurubu, akabadilisha na vipande vingine viwili vya umri ule ule kabla havijaanza. Nilidhani tumemaliza. Yeye akakataa pesa. "Bado. Nataka lipande likiwa na njaa."

Tukalitumia siku mbili hadi mshale uliposhuka chini ya nusu. Mpira mweupe aliuacha palepale. Jumamosi asubuhi tukatoka Mamboleo kuelekea Kiboswa, mimi usukanini, fundi kando yangu, Mama nyuma, maana alisema hawezi kukaa nyumbani akisubiri simu. Ule mwinuko wa Riat niliukwea huku nimekaza meno. Mahali pa kukohoa pakapita. Pakapita pengine. Juu kabisa fundi akaniambia niegeshe bila kuzima, akafungua boneti na kumwita Mama.

"Mama, njoo uone."

Alishuka, akajifunga leso vizuri, akainama. Alitazama mpira ule kwa muda, dizeli inapita moja kwa moja, hakuna hata punje ya hewa. Aliweka kiganja juu ya boneti, ikitetemeka taratibu chini ya mkono wake, kama Baba alivyozoea kuiwekea asubuhi kabla ya safari.

"Turudi," akasema. "Samaki watapoa."

Akazunguka, akafungua mlango wa mbele. Fundi alikuwa ameshahamia nyuma.