Usiku Nilioketi North Wilkesboro

Jioni ya tarehe 21 Mei 2023 niliketi kwenye jukwaa la uwanja wa mbio za magari wa North Wilkesboro, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, nikiwa na vizibo vya masikio ambavyo mzee niliyekuwa nikifanya naye kazi alinikabidhi tukiwa bado maegeshoni. Yeye mwenyewe hakuvaa. Alizaliwa katika kaunti hiyo ya Wilkes, na mara ya mwisho alipoketi pale ilikuwa tarehe 29 Septemba 1996, siku ambayo Jeff Gordon alishinda mbio kubwa za mwisho kabla uwanja haujaachwa uote magugu.

Magari yalikuwa hayajatoka bado aliponiambia niitazame njia yenyewe. Mzunguko wake ni kama kilomita moja tu, na ukiukazia macho unaona kwamba upande wa jukwaa kuu unateremka, na upande wa pili unapanda. Wenyeji husimulia kwamba Enoch Staley na wenzake, waliokuwa wakiujenga uwanja, waliishiwa fedha kabla ya kukisawazisha kilima, wakaamua kuuacha hivyo hivyo na kuufungua mwaka 1947. Lami tuliyoiona ilikuwa ya mwaka 1981, nayo ilikwaruza kama tupa, kiasi kwamba dereva aliyekuwa na papara katika mizunguko ya mwanzo alijikuta baadaye akiteleza kila kona kwa sababu matairi yake yalikwisha liwa.

Nilimwuliza mji mdogo kama ule ulipata wapi hamu ya mbio za magari, naye akacheka, akajibu kwa neno moja ambalo mimi nalitafsiri gongo. Kwetu Morogoro gongo lilisafirishwa kwa baiskeli, ndani ya madumu. Kwao lilisafirishwa usiku kwa magari ambayo kwa nje yalikuwa ya kawaida kabisa, lakini injini zilikuwa zimeongezwa nguvu na springi za nyuma kukazwa ili mzigo usiyainamishe na kuwashtua askari wa ushuru. Junior Johnson, mwana wa kaunti hiyo, alikamatwa mwaka 1956 kwenye mtambo wa baba yake, akatumikia kifungo cha miezi 11, kisha akarudi mbioni na kumaliza udereva akiwa na ushindi 50. Rais Reagan alikuja kumsamehe miaka mingi baadaye. Mzee alimtaja kama vile sisi tunavyomtaja mjomba.

Habari ya kufungwa kwa uwanja aliisema kwa kifupi, huku akitazama pembeni. Staley alifariki mwaka 1995, matajiri wawili wakaununua uwanja, kila mmoja nusu, na walichokihitaji hasa ni zile nafasi mbili za uwanja katika ratiba ya mwaka: moja ikahamia Texas, nyingine New Hampshire. Uwanja ukabaki mahame, na ukarabati wa kuufungua tena ulisaidiwa na dola milioni 18 za umma, kutoka fungu la kunusuru uchumi baada ya janga la korona. Mtu anaweza kuuliza kama hayo ndiyo matumizi bora ya fedha za janga, na mimi niliuliza, lakini si mbele yake.

Mbio zenyewe zilikuwa za mizunguko 200, zawadi dola milioni moja. Kyle Larson alizitawala mno hata zikapoteza msisimko, na Bubba Wallace, niliyekuwa nikimshangilia kwa sauti ambayo hakuna aliyeisikia, akawa wa pili. Watu walipoanza kushuka nami nilisimama, lakini mzee alibaki ameketi, mikono magotini. Enzi zake uwanja huo haukuwa na taa. Mbio zilikwisha mchana na kila mtu akarudi nyumbani kabla ya giza. Aliniomba tungoje kidogo, kwa kuwa alikuwa hajawahi kuuona usiku.