Picha za mwisho wa mkanda

Nimekuwa nataka kuandika kuhusu mpiga picha Samuel Fosso siku nyingi naahirisha tu, sasa jana nimetoka kwenye kazi ya kupiga picha harusi, miguu inawaka moto, betri bado ina chaji kidogo, nikamkumbuka tena. Acha niandike kabla sijalala.

Huyu bwana alifungua studio yake Bangui, Jamhuri ya Afrika ya Kati, mwaka 1975 akiwa na miaka 13. Kumi na tatu jamani! Mimi umri huo nilikuwa natumwa kitu narudi na kingine. Alizaliwa Kamerun 1962, akalelewa Nigeria kwa bibi na babu yake, vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Biafra ikawakuta hukohuko, baadaye mjomba wake akamchukua kwenda Bangui amsaidie kushona viatu. Viatu havikumwingia moyoni. Akaenda kujifunza kwa mpiga picha wa jirani miezi michache tu, halafu huyo, na yeye ana studio.

Sasa utamu uko hapa. Mteja anataka picha zake kesho, na mkanda wa filamu kwenye kamera haujaisha. Ukiusafisha hivyohivyo zile nafasi zilizobaki ndo zimeenda bure, kwa hiyo dogo akishafunga studio jioni anajipiga mwenyewe mpaka mkanda uishe, kisha picha anamtumia bibi yake Nigeria aone mjukuu mzima, hajambo. Basi. Hakuna projekti wala maelezo ya msanii kurasa mbili, vile vitu vinavyonitoa jasho mimi kila nikitaka kuomba nafasi ya maonyesho.

Ila mtu akiniambia ilikuwa bahati tu nakataa. Ziangalie zile picha vizuri. Kuna pazia nyuma, taa zimepangwa, miwani mikubwa, suruali bugaluu, viatu vya raizoni, na nguo nyingine alimpelekea fundi cherehani amshonee kama za mwanamuziki Prince Nico Mbarga. Hapo mtu hamalizii mkanda tena, anatengeneza picha! Kijana wa studio ya mtaani anajigeuza staa, anajigeuza mtu mwingine kabisa, na anajua mwanga utamwangukia wapi. Mchana anawapanga wateja, usiku anajipanga yeye, naamini kabisa mkono wake ulikomaa kwa wale wateja wa mchana. Ndo maana nachukia wenzangu wanaposema kazi za harusi zinaua usanii.

Halafu kimya karibu miaka 20. Mwaka 1993 mpiga picha Mfaransa, Bernard Descamps, alipita Bangui akitafuta wapiga picha, akaziona, na mwaka uliofuata zikaonyeshwa Bamako, Mali, kwenye maonyesho ya kwanza kabisa ya picha za Afrika pale. Fosso ana miaka 32, na ana studio kwa miaka 19. Dunia ikamwita kipaji kipya, hapo nacheka kila mara.

2014 nyumba yake Bangui iliporwa wakati wa machafuko, negetivu, zile filamu zilizosafishwa, zikatapakaa nje, wapiga picha wa habari wakaziokota nyingi tu. Niliposoma hiyo habari nilisimama nikaenda kuangalia hadi diski zangu za picha zinakaa wapi. Ziko chini ya kitanda, kwenye boksi la viatu.