Mudogo wangu aliniuliza anunue fimbo gani, nikamwambia aanze na uzi

Wiki mbili zilizopita, saa nne ya usiku, telefone inalia. Ni mudogo wangu, yuko Kentucky na bibi yake na watoto, kule ilikuwa bado mchana, ametoka kazini akapita moja kwa moja kwenye duka moja kubwa ambako upande wa vitu vya kuloba samaki peke yake unazidi parsele yetu ya Himbi, hapa Goma. Ananionyesha kwa kamera ukuta muzima wa fimbo, nyekundu, nyeusi, za kijani, zimesimama kama miwa sokoni. "Yaya, nichukue gani?"

Nilicheka kwanza. Huyu mutu ni mimi nilimufundisha kushika uzi, kwenye mawe ya hapa chini, akiwa na miaka saba, na wakati ule fimbo hatukuwa nayo wala muline (ile mashine ya kuzungushia uzi), tulikuwaga na uzi umekunjwa kwenye chupa ya plastiki, ndoano moja, na minyoo tulichimba nyuma ya choo ya jirani. Sasa ananiuliza mambo ya dola 60.

Nikamwambia weka hizo fimbo zote chini, toka hapo, nenda kwanza pembeni ya maji unakotaka kuloba, piga picha ya chini, ya pembeni, ya majani, halafu unitumie. Akakasirika kidogo ju alikuwa ameshafika dukani. Lakini alienda.

Niseme kwa nini, na hapa nitaongea sana ju hii kitu ilinikula pesa.

Mwaka fulani nilianza kuangalia video za wazungu wa Marekani wanaoloba bass. Bass munaweza musimujue, ni samaki wa mdomo mukubwa, muvizi, anakaa ndani ya majani ama chini ya muti ulioangukia majini, anangoja kitu kipite anakimeza. Kwenye ziwa letu la Kivu hayuko. Wa karibu ninaowajua mimi wako Naivasha kule Kenya, waliletwa kutoka Marekani tangu miaka ya 1920. (Musicheke samaki wa kuletwa, hata sambaza yetu ya kila siku ilitoka Tanganyika, wakaiweka Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950.) Basi kwenye zile video kila mutu anasifia uzi wa kusukwa, ule ulio kama nyuzi nyingi zimefumwa pamoja, mwembamba lakini na nguvu ya ajabu, hauvutiki, samaki akigusa tu unasikia mupaka kwenye kiwiko. Nikajipinda, nikaweka pesa, nikatumia mutu aniletee mita 150. Siku naujaza kwenye muline nilijiona kama niko kwenye televisheni.

Asubuhi nikashuka ziwani. Munajua pembeni ya Goma vile iko. Mawe ya volkano. Ile lava ya Januari 2002 ilikata mji katikati ikaingia ziwani, na hata pale ambapo haikupita kuna lava ya zamani, kila jiwe liko na matundu na meno kama grateri ya kukwangulia karoti. Nikatupa, risasi (kale kauzito ka kuzamisha ndoano) ikashuka, nikavuta kidogo, uzi ukalala juu ya jiwe. Nikavuta tena. Pap. Sio samaki, hata sikusikia uzito wowote, uzi umekatika kama umepitishwa kwenye wembe. Nikafunga ndoano ingine. Pap. Mupaka saa mbili ya asubuhi nilikuwa nimepoteza ndoano sita na risasi zote, na mita kama arobaini ya ule uzi wa bei inalala chini ya ziwa mupaka leo.

Pembeni yangu kulikuwa na muzee mumoja, anakujaga pale na mwanzi wake mrefu bila muline yoyote. Aliniangalia hivi bila kusema kitu. Kisha akaniita, "Kijana, kuja uone." Kwenye uzi wake hakukuwa na risasi. Kulikuwa na buji ya moto, yaani ya injini ya pikipiki, ile buji iliyokufa unaokotaga kwa mafundi bure. Sasa angalia alivyoifunga: uzi mukubwa unaenda moja kwa moja kwa ndoano, na buji imening'inia pembeni kwa kauzi kengine kembamba sana, ka kushonea nguo. Buji ikishikwa na jiwe, unavuta kwa nguvu, kale kauzi kanakatika, buji inabaki chini, ndoano na samaki vinarudi kwako. Unapoteza kitu ambacho hukununua. Niliona haya, nikaulizia kama ana buji ingine. Alinipa tatu.

Toka siku ile, kwa mawe ya hapa, natumia nailoni ya kawaida, ya milimita 0.30, ile inayouzwa kwenye vidude vidogo vya plastiki pale Birere. Nailoni nayo inakwaruzwa, usidanganyike, lakini ni nene zaidi na imeshikana mwili mumoja, jiwe linapolamba kidogo bado iko inashika, wakati ule uzi wa kusukwa nyuzi zake ndogo zinakatika moja moja mupaka basi. Ukitaka vizuri zaidi, weka mita moja ama mbili za uzi wa fluorokaboni kwa mwisho karibu na ndoano. Ni ngumu kuliko nailoni, inazama upesi, na ndani ya maji haionekani sana, na maji ya Kivu siku haina mawimbi ni meupe, tilapia wanaona kila kitu. Bei yake ndiyo itakuliza, njo maana mita mbili tu.

Na kila baada ya kushikwa na jiwe, pitisha mita ya mwisho kati ya kucha mbili, ama kwenye midomo kama muko wawili na hamucheki. Ukisikia kama mchanga, kata. Usihurumie. Ile mita ndiyo itakatika siku samaki mukubwa atakuja.

Sasa tumurudie mudogo. Akatuma picha. Bwawa nyuma ya kanisa moja, maji ya rangi ya chai, hakuna jiwe hata moja, pembeni zote zimefunikwa na majani na yale maua ya kulala juu ya maji, na muti mumoja mukavu umeangukia ndani. Nikaangalia nikasema basi, wewe ndiyo unahitaji ule uzi uliniua mimi! Ju kwenye majani mambo yanageuka. Bass akishika chambo anakimbilia ndani ya majani anajizungusha, nailoni inavutika kama lastiki, wewe unavuta na yeye anazidi kuingia. Uzi wa kusukwa hauvutiki, na unakata yale majani kama panga, unamutoa samaki pamoja na saladi yake yote. Nikamwambia chukua wa libre 30, usiogope hiyo namba, unene wake ni kama nailoni ya libre 8 tu, utatupa mbali bila shida.

Hapa kuna kitu kinachanganyaga watu wetu: sisi vidude vyetu vinaandikwa unene kwa milimita, kule Marekani wanaandika nguvu kwa libre. Libre moja ni kama gramu 450, kwa hiyo libre 10 ni kilo 4 na nusu, na kwa nailoni hiyo inakaribiana na 0.28 ama 0.30. Lakini ujue pia maandishi ya vidude vya bei chini yanadanganyaga, mimi niliuziwa 0.25 inayokatika kwa samaki ya robo kilo, nikakuta ni ya zamani, imekaa dirishani kwenye jua. Jua linaua nailoni. Usinunue ile ya mbele ya duka, omba ya ndani kwenye giza.

Kitu kingine kwa uzi wa kusukwa, usiufunge moja kwa moja kwenye bobini ya muline, pale uzi unapojikunjia, ju unateleza, unazunguka wote kama pete kwenye kidole kilichokonda, unafikiri muline imekufa. Anza na mizunguko kadhaa ya nailoni, halafu unganisha. Na fundo lolote, kabla ya kulikaza, lilowanishe na mate. Fundo kavu linajichoma lenyewe.

Uzi ukishajulikana, fimbo inajichagua karibu yenyewe. Kwenye fimbo, juu kidogo ya mupini, kuna maandishi madogo ambayo watu hawasomagi: uzito wa chambo inayoweza kutupa, nguvu ya uzi inayotaka, na herufi, UL, L, M, MH, H, kutoka laini sana mupaka ngumu. Mudogo, kwa majani yake na bass, nikamwambia MH kama anataka kufanya vita, M kama anataka fimbo moja ya kila kitu, futi 7, ndiyo mita 2 na kidogo. Akachukua M. Mimi kwa tilapia wa hapa natumia L ya mita 2.40, ju wale wana mdomo mudogo na laini, fimbo ngumu inawapasua, na urefu unanisaidia kuinua uzi juu ya mawe ya karibu. Ukisimama pembeni bila mutumbwi, urefu ni rafiki, mupaka ufike penye miti juu ya kichwa chako, hapo unageuka adui.

Kuna pia namna inavyopinda. Zingine zinapinda kwenye ncha peke yake, zinakamata upesi. Zingine zinapinda mupaka katikati, ni za polepole, zinasamehe makosa. Dukani shika, mwambie mutu ashike ncha, vuta, utaona.

Na chukua ya vipande viwili tafazali. Fimbo yangu ya kwanza haikuvunjwa na samaki, ilivunjwa na pikipiki. Nilikuwa nyuma ya motari, nimeishika imesimama kama bendera, tukapita chini ya waya wa mutu aliyejiungia umeme. Ncha ilibaki juu ya waya, mimi nikaendelea na mupini.

Muline nitapita haraka. Chukua ile ya kawaida ambayo bobini imekaa bila kuzunguka, saizi 2500, kwa bass na kwa tilapia inatosha, hata 2000 kwa hapa. Usihesabu zile gololi wanazoandika kwenye boksi, kumi na mbili, kumi na tatu, muline ya gololi tano nzuri inaishinda ya kumi na tatu mbovu. Izungushe tu mukononi, usikilize kama inakwaruza. Mudogo hakunisikiliza, akachukua ile ya kulala juu ya fimbo, ile ya kwenye mashindano, ambayo bobini yenyewe inazunguka unapotupa na ni kidole gumba chako kinaizuia. Kesho yake picha ikakuja: kiota cha ndege. Kiota kabisa, ilibaki mayai tu. Akairudisha.

Kaza breki ya muline mupaka theluthi ya nguvu ya uzi wako, sio zaidi. Ujuaje bila mizani? Chukua chupa ya maji ya litre 1.5, ijaze, hiyo ni kilo moja na nusu, ifunge kwenye mwisho wa uzi, inua fimbo. Kwa uzi wa libre 10 breki inatakiwa ianze kuachia hapo hapo, chupa inashuka polepole bila kurukaruka. Mimi nafanyia hiyo kwenye ngazi za nyumba, watoto wa parsele wanakuja kuangalia kama sinema.

Na wale wa hapa Goma, sana sana upande wa kuelekea Lac Vert, mukishuka asubuhi mapema kabla upepo haujaamka, musikae ndani ya mashimo ya mawe eti munajificha baridi. Mazuku, ile gazi ya volkano inayoua, haionekani. Ile gazi ni nzito kuliko hewa, inalala kwenye mashimo, na mutu aliyekaa chini ndiye inamukuta. Simama juu ya jiwe, hata kama samaki watakuona.

Juzi Jumapili mudogo akatuma video. Bass wa kwanza, kama kilo moja na nusu, mdomo wazi ungeweza kuingiza ngumi. Alipiga kelele kwa Kiswahili katikati ya wale wazungu. Halafu akamubusu samaki, akainama, akamurudisha majini.

Mama alikuwa amekaa pembeni yangu anachambua sombe. Akashika telefone, akairudisha nyuma mara mbili kuangalia vizuri.

"Amefanya nini?"

Nikamueleza kwamba kule wengi wanafanya hivyo, wanamuachia samaki akue. Nikaongeza habari ya George Perry ili kumupoza: mukulima wa Georgia, Juni 1932, akashika bass wa kilo 10, na mpaka leo hakuna aliyemunyanganya rekodi, mujapani mumoja Manabu Kurita alishika wake mwaka 2009 kwenye ziwa Biwa, alizidi kwa gramu chache ambazo hazitoshi kwa sheria yao, wakasema wote wawili wako sawa. Na inasimuliwa kwamba Perry na rafiki yake walikuwa wanapokezana fimbo moja siku ile, na kwamba samaki alienda nyumbani wakamula.

"Huyo," mama akasema, "mutafutie mudogo wako namba yake."