Nilipopoteza ufunguo pekee wa gari langu la umeme

Nissan Leaf yangu ilinunuliwa Japani ikiwa imeshatumika, nayo ilifika Dodoma na ufunguo mmoja tu. Kila mwezi nilipanga kutengeneza wa pili, hadi Jumamosi moja nilipotoka Soko la Majengo na vikapu viwili, nikafika mlangoni pa gari na kukuta mfuko wa gauni mtupu. Nilirudi kwa kila mama aliyeniuzia nyanya na mlenda, tukainua magunia na kupekua chini ya meza, lakini hatukuuona.

Vijana walijitolea kulivuta gari kwa kamba hadi nyumbani Kisasa. Niliwashukuru na kuwazuia, kwa sababu gari hili huendeshwa na magurudumu ya mbele, ambayo likiegeshwa hufungwa, na hayaachii mpaka liwashwe. Ukilivuta hivyo unaharibu mitambo. Nilimwomba mlinzi wa duka la jirani alitazame, nikaenda kuomba taarifa ya upotevu ya polisi. Fundi funguo niliyempata, ambaye alikuja kutoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR, alitaka kuiona taarifa hiyo pamoja na kadi ya gari kabla ya kufungua mkoba wake, jambo lililonipa imani naye.

Kabla hajasafiri alinisomesha kwa simu jambo ambalo lingenigharimu. Nilikuwa nimeshapata muuzaji wa ufunguo unaofanana kabisa na wangu, kumbe ulikuwa wa magari ya Ulaya, ambao hutuma mawimbi ya megahezi 433, wakati gari lililotengenezwa kwa soko la Japani husikiliza megahezi 315. Kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Mlango aliufungua kwa vifaa vyake kupitia tundu la ufunguo wa chuma, kisha, badala ya kugusa kompyuta, akapima betri ndogo ya volti 12 iliyo chini ya boneti. Wengi wetu tunadhani betri kubwa ndiyo kila kitu, ilhali ni hii ndogo inayoziamsha kompyuta za gari, na gari likikaa bila kuwashwa betri hiyo hushuka taratibu. Ya kwangu ilikuwa imechoka, akaiunganisha na chaja, kwa kuwa umeme ukikatika katikati ya usajili wa ufunguo mpya kwenye kompyuta ya gari, kazi inaweza kuharibika. Baada ya hapo alichomeka kifaa chake chini ya dashibodi, akaipa kompyuta namba ya siri inayotakiwa, akasajili funguo mbili kwa mkupuo.

Nilimuuliza kwa nini tusianze na mmoja, nami nikatafuta fedha ya wa pili baadaye. Alinieleza kwamba usajili mpya hufuta funguo zote za zamani, kwa hiyo kila unapoongeza mmoja ni lazima zote ziwepo na kazi irudiwe yote, na malipo yake. Ufunguo uliopotea, basi, hauwezi tena kuliwasha gari langu. Hata hivyo ufunguo mdogo wa chuma uliofichwa ndani yake bado unafungua mlango wa dereva, na ndiyo sababu sasa siachi kitu chochote cha thamani garini, nikiwa Majengo hasa.

Ufunguo wa pili upo Nkuhungu kwa mama yangu, kabatini, pamoja na hati ya kiwanja chake.