Kwa Baiskeli, si kwa Simu

Mpwa wangu alikuja Jumamosi iliyopita na bahasha ya kaki, akaketi barazani, na kabla chai haijapoa akatoa karatasi moja na kuniuliza, "Mjomba, hapa kwenye sababu ya kifo niandike nini?" Bodi ya mikopo ya wanafunzi inataka cheti cha kifo cha baba yake, nacho cheti hicho hakikupata kutolewa, kwa kuwa kifo chenyewe hakikuandikishwa ndani ya siku 30 zinazotakiwa na sheria, wala katika miaka 20 iliyofuata. Aliniletea mimi swali hilo kwa sababu mama yake alimwambia, "Muulize mjomba wako, yeye ndiye aliyekwenda polisi." Ni kweli nilikwenda. Nimejisitiri nyuma ya maneno hayo kwa muda mrefu kuliko umri wa binti huyu.

Ulikuwa mwezi wa Agosti mwaka 2003, kusi inavuma kwa nguvu. Shemeji yangu alikwenda kuvua usiku na wenzake watatu, katika mashua ambayo haikuwa yake, na alfajiri wale watatu wakarudi bila yeye. Walisema alijitosa kunasua jarife lililokwama kwenye mwamba, wakamsubiri, hakuibuka. Siku mbili baadaye wanawake waliokwenda kuchokoa pweza wakati wa bamvua walimkuta kwenye ufuo, kusini kidogo ya kijiji chetu, na kufikia saa moja ya asubuhi alikuwa amekwisha kuletwa uani kwa dada, juu ya mkeka, amefunikwa khanga mbili.

Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyekuwa wa kwanza kusema lile ambalo kila mtu alikuwa akilifikiria. "Maalim, hiki ni kifo cha polisi." Baada ya kulisema akashikwa na maumivu ya kichwa na kwenda kukaa chini ya mwembe, akakaa huko mpaka mazishi yalipokwisha.

Ni lazima niwe mwadilifu kwa Maalim, kwa sababu wapo watakaosoma haya na kumdhania kuwa alikuwa mtu wa kuidharau serikali. Hakuwa hivyo hata kidogo. Katika darsa zake aliirudia mara nyingi ile aya ya Suratun Nisaa inayowaamrisha walioamini wamtii Mwenyezi Mungu, wamtii Mtume, na wenye mamlaka katika wao, na kila alipofika kwenye maneno hayo ya mwisho alisimama akatuuliza: je, serikali isiyo na dini imo "katika sisi" au haimo? Wapo vijana waliojibu kwamba haimo. Yeye alisema imo, maadamu inalinda njia tunazopita, inasomesha watoto wetu na haituamrishi kumuasi Mola, na kwamba mtu anayekubali chanjo ya serikali mkononi hawezi kuikataa sheria ya serikali mlangoni. Alilipa kodi yake ya kichwa mapema mpaka ilipofutwa, na risiti alizihifadhi ndani ya juzuu.

Lakini kijiji kizima kilijua nini kingefuata iwapo polisi wangefika. Sheria ya uchunguzi wa vifo ya mwaka 1980 haimwachii mtu nafasi ya kuchagua: aliyekufa kwa ajali, au kwa mkono wa mtu, au kwa namna isiyoeleweka, ni lazima taarifa yake itolewe, na daktari aweza kuamriwa kumpasua ili ijulikane kilichomuua. Miaka michache kabla ya hapo mzee mmoja wa kwetu aliyegongwa na lori barabarani alirudishwa kutoka mjini siku ya tatu, ameshonwa kuanzia kooni hadi kitovuni kama gunia la mkonge, na waliomwosha hawakuweza kula kwa siku kadhaa. Tulikuwa tumefundishwa kwamba maiti huharakishwa kuzikwa, na kwamba kuvunja mfupa wa maiti ni sawa na kuuvunja angali hai. Basi swali lililokuwa uani asubuhi ile halikuwa la kitabuni. Lilikuwa limelala juu ya mkeka, na jua lilikuwa likipanda.

Tulimwosha wanne: Maalim, kaka wa marehemu, mwosha wetu wa siku zote, na mimi. Chini ya kitanda palichimbwa ufuo, lile shimo la kupokea maji ya kuoshea maiti, na nakumbuka nikiwaza, kwa upumbavu wa mtu anayetafuta chochote cha kuwaza, kwamba shemeji ameokotwa ufuoni na sasa amelazwa juu ya ufuo mwingine. Mimi nilipewa kazi ya kushika kata. Siku mbili za baharini zilikuwa zimemfanya mtu mgeni kwangu, lakini kucha ya dole gumba la mguu wa kulia, ile aliyoiponda kwa nanga siku ya harusi yake akacheka nayo usiku kucha, ilikuwa ile ile, na hiyo ndiyo iliyonitoa machozi. Mwosha akamgeuza upande. Maji yakapita kichwani, nywele zikajitenga, na nyuma ya sikio la kushoto nikaona jeraha lenye urefu wa kidole.

Mimi si daktari. Najua tu kwamba matumbawe hukwaruza, na samaki hudonoa, na lile jeraha halikuwa limekwaruzwa wala kudonolewa. Kingo zake zilikuwa zimenyooka. Nanga ingeweza kulifanya, na kasia, na ukingo wa mashua. Miaka ile pia baruti ilikuwa ikilia mchana kweupe katika pwani ya Tanga, na minong'ono juu ya kazi halisi ya ile mashua ilikuwapo hata kabla ya msiba. Ubani ulikuwa ukifuka pembeni na hakuna aliyesema neno. Kaka wa marehemu alikuwa ameufumba uso wake kwa kiganja, sijui kama aliona. Mimi nikamtazama Maalim, naye akanitazama, kisha akaichukua kata mkononi mwangu, akalimwagia maji mara tatu kama alivyomwagia kila kiungo kingine, bila kuzidisha wala kupunguza, akatwaa pamba yenye kafuri na kulifunika taratibu sana, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Ya hapa hubaki hapa," alisema.

Tulijua sote alichokuwa akikirejea: mwosha anayemsitiri maiti husitiriwa naye, na ahadi ya kusamehewa mara 40.

Alipomaliza kumvika sanda aliniita nyuma ya banda la makuti. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tena somo langu lilikuwa uraia, na nadhani ndiyo sababu alinichagua mimi. "Mwanangu," alisema, "sisi hatuifichi serikali jambo. Nenda polisi ukatoe taarifa."

Nikamwambia mwenye duka ana simu ya mkononi, na mtandao unapatikana ukipanda juu ya kile kichuguu cha kisimani.

"Kwa baiskeli," alisema Maalim. Akaongeza, bila kucheka, "Na njia ni mbaya, usiende mbio."

Kutoka kwetu hadi mjini si mbali kupita kilomita 20, na ndivyo Mungu alivyojalia kwamba mji uko kaskazini, hivyo kusi ilikuwa mgongoni kwangu. Upepo ulikuwa ukinisukuma kwenda kwenye sheria, na mimi ndiye niliyekuwa nikishika breki. Nilipofika Tongoni niliiegemeza baiskeli kwenye mnazi na kuingia magofuni, nikaketi kati ya yale makaburi ya nguzo ambayo mengi yamekwisha kuanguka, makaburi ya Waswahili waliozikwa pale karne nyingi kabla Mjerumani hajatia nanga Tanga, watu ambao hakuna daktari wala askari aliyepata kuuliza walikufa kwa nini. Nilikaa pale mpaka adhana ya adhuhuri iliposikika kutoka msikiti wa kijiji cha jirani. Nikahesabu: sasa wanamswalia, sasa wamemnyanyua, sasa wanampitisha penye mkwaju, sasa yumo ndani ya mwanandani. Ndipo nilipopanda baiskeli, na kuanzia hapo nilikwenda kwa kasi sana, mpaka mnyororo ukachomoka mara mbili.

Kituoni nilimkuta askari mtu mzima, mwenye rozari ndogo imening'inia kwenye ufunguo wa kabati. Aliandika tarehe, akaandika jina, kisha akauliza maiti iko wapi.

"Nilipoondoka alikuwa hajazikwa, afande."

Aliiweka kalamu chini. Aliitazama saa ya ukutani, iliyokuwa ikikaribia saa nane na nusu, akaitazama suruali yangu yenye vumbi jekundu la Tongoni hadi kwenye makalio, nadhani akaelewa kila kitu. Hakufoka. Alisema kwao kanisani husomewa kwamba kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu. Mimi, niliyesoma shule ya misheni na nilikuwa nimechoka kiasi cha kupoteza adabu, nikamjibu kwamba kitabu hicho hicho kinasema imetupasa kumtii Mungu kuliko wanadamu.

"Naam, mwalimu," alisema. "Matendo ya Mitume, sura ya 5. Lakini waliosema hivyo walikuwa wamesimama mbele ya baraza, wakayasema usoni mwa wakubwa, na kabla ya kuachiliwa walichapwa. Hawakuja kwa baiskeli."

Nimesikia mawaidha mengi juu ya jambo hili tangu wakati ule, misikitini na redioni, na bado sijasikia lililonichoma kuliko hilo. Alichonionyesha ni kwamba tulikuwa na njia mbili za heshima. Tungeweza kuitii sheria tusiyoipenda, tukamtoa maiti wetu, tukalia. Au tungeweza kusema wazi kwamba hatumtoi, dini yetu hairuhusu, na atakayefungwa afungwe. Sisi tulichagua ya tatu, ya kwetu ya pwani, ya kuitikia "naam" na kukawia, ili serikali isione kuwa imekataliwa na sisi tusijione kuwa tumekubali. Wakati mwingine naona hiyo ni hekima ya watu waliotawaliwa na wengi na kubaki na dini yao. Wakati mwingine naona ni woga uliovaa kanzu.

Alikuja baada ya siku mbili, akasimama kaburini na daftari lake, akavua kofia. Akaeleza kwamba kufukua kunahitaji amri, na kwamba amri inaweza kuombwa ikiwa familia ina shaka. Dada alijibu kutoka ndani, nyuma ya pazia la eda, kwamba hana shaka na mtu, mumewe amekufa maji, na aliyekufa maji ni shahidi. Askari alinigeukia akasema taratibu, "Huyo ndiye shahidi niliyekuwa namtaka." Kisha akaniuliza kama niliona alama yoyote wakati wa kumwosha.

Nikamjibu kwamba maji yalikuwa yamemharibu. Aliandika hivyo hivyo.

Jumatatu niliingia darasani kufundisha wajibu wa raia, na ibara ya 26 ya Katiba, ile isemayo kila mtu ana wajibu wa kuifuata na kuitii Katiba na sheria za Jamhuri ya Muungano, niliiandika ubaoni kwa mwandiko mzuri. Mmoja wa wale wavuvi watatu alihama kabla ya Ramadhani. Dada alijifungua Januari, na eda yake ikaisha siku ile ile.

Miaka mingi baadaye, Maalim alipokuwa mgonjwa na mimi ndiye niliyekuwa nikimsomea, nilikutana na habari za wanazuoni wa fiqhi waliokutana Makka mwaka 1987 chini ya Jumuiya ya Ulimwengu wa Kiislamu, ambao waliona inafaa kumpasua maiti pale penye dharura, mojawapo ikiwa ni kuchunguza jinai isiyoweza kujulikana kwa njia nyingine. Nilimsomea polepole. Mwaka 1987 ni kabla ya 2003 kwa muda mrefu. Nilitaka kumuuliza kama alikuwa akiijua rai hiyo siku ile alipoitwaa kata mkononi mwangu, na nadhani aliliona swali likija, kwa maana aliomba aletewe maji ya udhu ingawa wakati wa sala ulikuwa bado.

Hayo yote yalinipitia Jumamosi wakati mpwa wangu akiisubiri kalamu yake irudi kwenye karatasi. Yeye hakujua kama kuna la kusubiri. Alikuwa akitaka neno moja, mawili, ya kujaza mstari mfupi. Nikafungua mdomo nikamwambia, "Andika kuzama majini." Akaandika, kwa mwandiko ambao si wa mama yake wala si wetu sisi, kisha akaigeuza karatasi na kuisogeza kwangu.

"Na hapa chini, mjomba, panatakiwa jina na sahihi ya shahidi."